Usimpe Mtu Mwingine Data Yako

Mbezi, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma na kuurudia, na dodoso uliloambatanisha nimelipitia swali kwa swali. Unasema somo la uchambuzi wa data za kiidadi limekukaa kooni, kwamba wenzako wengi walichagua masoko wakidhani wameachana na hesabu, na kwamba karibu na steshenari ya chuoni yupo kijana ambaye ukimpelekea madodoso yaliyojazwa pamoja na malipo, anakurudishia sura nzima ya nne ya tasnifu, ile ya uchambuzi, majedwali na maelezo yake. Umeniuliza kama kuna ubaya. Nashukuru umeniuliza mimi, maana kazi hii ya utafiti wa masoko ndiyo inayonilisha tangu nimalize chuo, na naipenda. Nitakujibu kwa kirefu, soma taratibu.

Usimpe. Kanuni za chuo zinakataza, na hilo peke yake lingetosha. Lakini sababu yangu ni nyingine. Sura ya nne ndiyo mahali pekee utakapokutana na wateja wako wote kwa pamoja. Huko mtaani unakutana na mmoja mmoja, huyu anakukaribisha kiti, yule anakujibu akiwa mlangoni, na jioni unabaki na sura za watu kichwani. Ni pale unapokaa na majibu yao yote, unayapanga, unayahesabu, unayalinganisha, ndipo unapoanza kuona jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuambia. Ukimpa kijana wa steshenari kazi hiyo, yeye ndiye atakayeliona. Na yeye hatalijua alionalo, kwa sababu hakuwepo ulipokuwa unawahoji.

Mada yako ni nzuri. Kwa nini kaya za Dar es Salaam zinahamia kwenye gesi ya kupikia au zinabaki na mkaa? Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na kampuni za gesi nazo zinagombea kila jiko. Jibu sahihi la swali lako lina wanaolihitaji. Ndiyo maana mifano yangu yote nitaitoa humo humo jikoni, maana naona vitabu mnavyosomea vimejaa maduka makubwa na magari ya nchi nyingine.

Nianze na swali lako la nane: "Unatumia nishati gani kupikia?" halafu vichaguo vinne, achague kimoja. Nikiwa na umri kama wako nilikuwa mdodosaji. Nimezunguka Mbagala, Manzese na Tandale nikiwa na kishikio cha karatasi mkononi, na ninachokumbuka ni kwamba kaya ya nishati moja ni adimu. Gesi inawashwa asubuhi kwa chai na usiku kupasha kiporo. Maharage, makande na makongoro yanaachiwa mkaa, kwa kuwa yanamaliza mtungi. Mtungi ukiisha mwezi ukiwa katikati, mkaa wa kununua kwa kopo unapika kila kitu mpaka pesa ipatikane. Mtu wa namna hiyo ukimlazimisha achague kimoja, mbele ya msichana nadhifu mwenye kitambulisho cha chuo, atasema gesi. Hajakudanganya. Wewe ndiye uliyemnyima nafasi ya kusema ilivyo.

Muulize jana. "Jana chai mlipikia nini? Chakula cha mchana? Cha usiku?" Kisha: "Mara ya mwisho mlijaza mtungi lini?" Majibu ya jana yanakumbukika, na kutoka humo unaweza kuhesabu mwenyewe kaya inapika mara ngapi kwa gesi na mara ngapi kwa mkaa. Hiyo ni namba yenye uzito. Tena hakikisha unajua anayekujibu ni nani. Baba anaweza kujua bei ya kujaza mtungi wa kilo 15 na asijue unakaa siku ngapi. Dada wa kazi anajua unakaa siku ngapi na hajui bei. Weka swali la nani anapika na nani analipa, kwa sababu katika biashara hii mara nyingi ni watu wawili tofauti, na tangazo linalomfaa mmoja halimgusi mwingine.

Halafu hayo maswali yako ya kukubali na kukataa kwa ngazi tano. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la Rensis Likert, aliyekichapisha mwaka 1932, na ni chombo kizuri kikitumiwa kwa uangalifu. Wewe una sentensi sita, na zote zinaisifu gesi: ni salama, ni safi, ni rahisi, inaokoa muda. Mgeni akija nyumbani kwa mtu wa kwetu na kumsomea sentensi nzuri, mwenyeji anakubali. Ni adabu. Atakubali zote sita, na wewe utaandika kwamba wakazi wana mtazamo chanya. Geuza mbili au tatu: "Nina wasiwasi kuwaacha watoto karibu na mtungi wa gesi." "Chakula cha mkaa kina ladha nzuri zaidi." Anayekubali kwamba gesi ni salama na papo hapo akakubali kwamba haoni amani kuacha watoto karibu nayo, huyo amekupa kitu cha kufikiria. Najua msimamizi wako atataka ile alfa ya Cronbach ya mwaka 1951, kipimo cha jinsi maswali yanavyokwenda pamoja, ivuke 0.7, na wanafunzi wengi wanaipata kwa kuuliza jambo moja mara tano kwa maneno tofauti kidogo. Usifanye hivyo. Alfa itapanda, na utakuwa umejua jambo moja tu.

Sasa sampuli. Umeandika kwamba utahoji kaya 384, na sababu uliyoitoa ni kwamba "kanuni inasema hivyo". Nimeona 384 na 400 katika tasnifu nyingi kiasi kwamba nadhani wanafunzi wanarithishana. Tuitazame kanuni ya Taro Yamane ya mwaka 1967 mnayoitumia: chukua idadi ya kaya zote, igawe kwa moja kuongeza hiyo idadi mara mraba wa kosa unalokubali. Kwa kosa la asilimia 5, mtaa wenye kaya 1,000 unahitaji 286. Kata yenye kaya 10,000 inahitaji 385. Eneo lenye kaya 100,000 linahitaji 398. Umeona? Idadi imeongezeka mara kumi, sampuli imeongezeka kwa kaya 13 tu. Hicho ni kitu cha ajabu na cha kufurahisha. Ndicho kinachowawezesha watu wenye bajeti ndogo kama sisi kusema jambo kuhusu jiji zima. Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728 katika mkoa huu, na kaya mia nne zilizochaguliwa vizuri zinaweza kuwasemea.

Lakini soma hilo neno tena: vizuri. Kanuni ya Yamane inakulinda na bahati mbaya ya kuokota kaya zisizo za kawaida. Haikulindi hata kidogo na njia mbaya ya kuzichagua. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura kwa watu wapatao milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba katika uchaguzi wa rais Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametoka sana kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katika miaka ya dhiki kubwa, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa sawa na walionyamaza. Majibu milioni 2 hayakusaidia kitu.

Wewe kosa lako la aina hiyo liko wapi? Umepanga kwenda mitaani kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Saa hizo utawakuta walio nyumbani: wazee, wenye watoto wachanga, dada wa kazi. Wanaorudi jioni na kupika haraka haraka, ambao pengine ndio wateja wakubwa wa gesi, hutawaona. Nenda na Jumamosi, nenda na saa kumi na mbili jioni ukiwa na mwenzako. Muone mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwombe akueleze mipaka na makadirio ya kaya, kisha anzia mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu na uhesabu nyumba kwa nyumba. Ukikosa mtu, rudi, usihamie mlango wa jirani kwa kuwa uko wazi. Na ukimaliza, linganisha sampuli yako na sensa. Kaya ya wastani nchini mwaka 2022 ilikuwa na watu 4.3. Yako ikitoka watu wawili, ujue umejaza vyumba vya vijana wanaoishi peke yao.

Nikusihi jambo jingine hapa. Ukiwatumia wenzako kukusaidia kukusanya, wapo watakaokaa chini ya mwembe na kujaza wenyewe. Ukikusanya kwa simu kupitia KoBoToolbox, ambayo ina kifurushi cha bure, kila dodoso linaweza kubeba saa lilipoanza na saa lilipoisha. Mahojiano ya maswali 40 hayaishi kwa dakika nne. Majibu yaliyonyooka nambari nne, nne, nne kuanzia juu mpaka chini nayo yanajitangaza. Yatoe, na uandike katika tasnifu yako kwamba umeyatoa na kwa nini. Kuandika hivyo hakukushushi. Msomaji makini ataamini zaidi yale yaliyobaki.

Sasa ndipo tufungue kompyuta. Programu itakuonyesha safu za namba, na hapo ndipo watu wengi wanapotishika, wakati namba zenyewe ni majibu tu yaliyovaa tarakimu. Mkaa umeupa 1, gesi 2, umeme 3, mafuta ya taa 4. Ukiiambia programu ikupe wastani wa safu hiyo itakupa 1.8 bila kusita, na 1.8 hiyo haina maana yoyote duniani. Stanley Stevens alilieleza hili mwaka 1946 alipotenganisha namba za majina, namba za mpangilio, namba zenye hatua sawa na namba zenye sifuri ya kweli. Naomba uyashike haya mapema, kwa sababu nusu ya swali la "nitumie jaribio gani?" inajibika ukijua safu yako ni ya aina gani. Nishati ni jina: hesabu asilimia. Kuridhika kwa ngazi tano ni mpangilio: onyesha wangapi wako kila ngazi. Shilingi na kilo zina sifuri ya kweli: hizo jumlisha, gawanya, fanya utakavyo.

Kisha safisha. Aliyekataa kutaja umri umempa 99. Usipoiambia programu kwamba 99 ni jibu lililokosekana, utakuwa na vikongwe wengi mno Sinza. Ziweke hesabu za mgawanyo za kila safu mbele yako na uzipitie zote. Kazi hii inachosha na hakuna mtu atakayekusifu kwayo, lakini mimi bado naifanya mwenyewe, siwaachii vijana wa ofisini, kwa sababu ndipo ninapoanza kuwafahamu watu waliomo kwenye faili.

Mfano mmoja wa kitu utakachokiona hapo. Tuseme kaya saba zimekutajia matumizi ya nishati kwa mwezi: shilingi 18,000, 20,000, 22,000, 24,000, 25,000, 30,000 na 211,000. Jumla ni 350,000, wastani 50,000. Sasa nionyeshe kaya inayotumia 50,000. Haipo. Sita ziko chini yake sana na moja iko juu kabisa. Mediani, ile ya katikati ukizipanga, ni 24,000, na hiyo inafanana na watu uliowahoji. Usikimbilie kuifuta ile ya saba. Rudi kwenye dodoso lake: huenda ni mama lishe anayepikia wateja kwenye jiko la nyumbani. Akiwa ni yeye, hastahili kuwemo kwenye wastani wa kaya, lakini anastahili ukurasa wake, kwa sababu kwa muuza gesi mteja mmoja wa namna ile ni karibu sawa na tisa wa kawaida.

Chukua kalamu sasa, tufanye pamoja lile jaribio la kai-mraba unalosema hulielewi. Namba natunga ili tujifunzie. Zako zitatoka mtaani. Una kaya 200. Za wapangaji ni 120, na kati yao 72 zinapikia gesi zaidi ya nishati nyingine, yaani asilimia 60. Zinazoishi kwenye nyumba zao ni 80, na za gesi ni 32, asilimia 40. Kwa jumla kaya za gesi ni 104, asilimia 52.

Jiulize: kama kupanga hakuhusiani kabisa na gesi, tungetarajia kuona nini? Kila kundi lingekuwa na asilimia 52 ile ile. Kwa wapangaji 120 hiyo ni 62.4, na kwa wenye nyumba 80 ni 41.6. Wasio wa gesi wangekuwa 57.6 na 38.4. Linganisha na ulichokiona: katika kila chumba cha jedwali tofauti ni 9.6, ama juu ama chini. Zidisha 9.6 kwa 9.6 upate 92.16. Igawe kwa 62.4, kisha kwa 41.6, kwa 57.6, kwa 38.4: utapata 1.48, 2.22, 1.60 na 2.40. Jumlisha, ni 7.7. Basi, hiyo ndiyo kai-mraba ya Karl Pearson ya mwaka 1900. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Mpaka wa jedwali la namna hii, lenye mistari miwili na safu mbili, kwa kiwango cha 0.05, ni 3.84, nawe umeuvuka.

Programu itakuandikia kwamba thamani ya p ni kama 0.006. Naomba uwe mmoja wa wachache wanaojua maana yake. Inasema hivi: kama katika jiji zima kupanga na gesi havina uhusiano wowote, na ukachukua sampuli za kaya 200 tena na tena, ni kama 6 tu katika kila 1,000 ambazo zingekuonyesha pengo kubwa namna hii au zaidi. Haisemi kwamba una hakika kwa asilimia 99.4. Haisemi kwamba pengo ni kubwa. Ule mpaka wa 0.05 unaouona kila mahali aliueneza Ronald Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1925, kama kiwango cha kufaa tu katika kazi. Hakushuka nao kutoka mbinguni.

Nikuonyeshe kwa nini nalisisitiza hili. Chukua kaya 20,000 badala ya 200, nusu wapangaji, nusu wenye nyumba. Wapangaji wa gesi ni asilimia 51, wenye nyumba asilimia 49. Fanya hesabu ile ile na utapata kai-mraba ya 8, thamani ya p karibu sawa na ile ya kwanza. Pengo la asilimia 20 na pengo la asilimia 2, p karibu ile ile! Sasa jiweke mahali pa meneja wa masoko. Pengo la kwanza linambadilishia mpango wa mwaka mzima. La pili halimpi sababu hata ya kubadilisha bango moja. Ndiyo maana ninapopokea ripoti iliyojaa nyota za umuhimu wa kitakwimu na isiyotaja ukubwa wa mapengo, nairudisha. Andika asilimia kwanza, na pengo lake. P ifuate nyuma.

Na hata ukishaona pengo la asilimia 20, bado hujamaliza. Kwa nini wapangaji? Hapa kijana wa steshenari hawezi kukusaidia, wewe unaweza. Utakuwa umepita Manzese na Sinza ukaona chumba kimoja, jiko kwenye korido, hakuna pa kuweka gunia la mkaa, moshi unaingia kwa jirani. Utakuwa umepita Chanika na Kivule ukaona nyumba yenye uwanja nyuma, mafiga chini ya banda, na duka la gesi liko mbali. Je, ni kupanga au ni mahali? Ligawe jedwali lako. Tazama wapangaji na wenye nyumba walio katikati ya mji peke yao, kisha walio pembeni peke yao. Pengo likibaki kote kuwili, kupanga kuna mchango wake. Likitoweka, kilichokuwa kinafanya kazi ni umbali wa duka na nafasi ya uwanja. Kwa kampuni ya gesi hayo ni matumizi mawili tofauti ya fedha: katika hali ya kwanza inatunga ujumbe kwa wapangaji, katika ya pili inafungua mawakala Chanika na kupeleka mitungi kwa bodaboda. Rigresheni ambayo inakutisha ni mgawanyo huu huu, ukifanyika kwa vigeu vingi kwa mkupuo. Ukiushika huu wa kalamu, ule wa kompyuta hautakuwa mgeni kwako.

Uwe macho zaidi pale unapouliza kuhusu matangazo. Kila mara utakuta wanaolikumbuka tangazo la chapa fulani ndio wanaoinunua, na utatamani kuandika kwamba tangazo limeuza. Lakini mwenye mtungi wa chapa hiyo jikoni analiona jina lake kila siku, hivyo tangazo likipita redioni sikio lake linasimama. Dodoso la siku moja haliwezi kukuambia kipi kilitangulia. Sema vinakwenda pamoja, uishie hapo. Na kabla ya kuandika mgawo wowote wa uhusiano, chora mchoro wa nukta. Francis Anscombe mwaka 1973 alitengeneza seti nne za data zenye wastani ule ule, mtawanyiko ule ule na uhusiano ule ule wa 0.816. Ukizichora, moja ni mstari wa kawaida, ya pili ni upinde, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyokengeuka, ya nne nukta zote zimesimama kwenye mstari mmoja wa wima isipokuwa moja. Jedwali halikuonyeshi hayo. Macho yanaona mara moja.

Kuhusu jaribio la t sitakaa sana, msimamizi wako atalieleza. Nikuambie tu lilikotoka, maana nadhani litakupa moyo. William Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, na alihitaji kuamua mambo ya shayiri na bia akiwa na vipimo vichache sana mkononi. Mwaka 1908 alichapisha njia yake kwa jina la Student. Sehemu kubwa ya mnayoyaita hesabu za darasani ilizaliwa na watu waliokuwa na kazi ya kufanya na data haba, kama wewe.

Programu usigombane nayo. SPSS, iliyoanza mwaka 1968, ndiyo wanayoifundisha kwenu, na itumie kwenye maabara ya chuo. Nyumbani usiweke nakala ya wizi ya kwenye flashi. Chukua jamovi, au R iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, zote ni bure. Chochote utakachotumia, hifadhi amri zako katika faili, hatua kwa hatua, ili mtu akikuuliza jedwali la tano limetokaje uweze kulitoa tena mbele yake. Na faili ghafi usiliguse. Fanya kazi kwenye nakala. Namba za simu za watu zitoe humo mapema, uziweke kando kwa nenosiri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mama aliyekufungulia mlango na kukuambia anatumia shilingi ngapi hakukupa ruhusa ya kumtembeza kwenye makundi ya simu.

Huyo kijana wa steshenari hatafanya lolote kati ya haya, mwanangu. Hatajua kwamba kaya ya 137 ni ya mama lishe, wala kwamba ulifika Kivule mvua ikinyesha ukakuta nusu ya watu wamewasha mkaa ndani. Atabonyeza pale anapobonyeza kila siku, na siku ya kutetea tasnifu wewe ndiye utakayesimama mbele ya walimu. Siogopi kwamba utafeli. Kinachoniumiza ni kwamba utafaulu, utapata kazi, na siku moja utamshauri mtu atumie fedha nyingi kwa namba ambazo hujui zimetokana na nini.

Kwa hiyo tufanye hivi. Rekebisha swali la nane na zile sentensi sita. Lijaribu dodoso kwa kaya kumi hapo mtaani kwenu, tatu kati ya hizo jioni. Ingiza majibu mwenyewe, kisha njoo Jumamosi na kompyuta yako na hilo faili likiwa ghafi, bila jedwali hata moja. Tutalichambua mezani baada ya chakula, na utarudi chuoni ukiwa umeshafanya kila hatua mara moja kwa mkono wako. Nauli nitakutumia kesho. Msalimie baba yako, umwambie machungwa ya Muheza yamefika salama na nimewagawia majirani.

Shangazi yako akupendaye